Kupima endotoksini kwenye gentamaisini kwa mashine ya katriji

Autoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, huua bakteria, lakini endotoksini iliyomo kwenye kuta zao hubaki, na ikiingia mshipani humpandisha mgonjwa homa. Mashine ya katriji (kibati kidogo chenye kemikali kavu, kinachochomekwa ndani yake) huitafuta kwa dakika 15 hivi. Makosa mengi hutokea kabla hujaiwasha.

Anza na hesabu. Gentamaisini, dawa ya antibiotiki, ya miligramu 40 kwa mililita ina kikomo cha EU (kizio cha endotoksini) 0.71 kwa miligramu, yaani EU 28.4 kwa mililita. Kama katriji yako husoma kuanzia EU 0.05 kwa mililita, gawanya 28.4 kwa 0.05: unapata 568. Usiizimue dawa kupita hapo, maana dawa chafu itasomeka safi. Mara 100 panatosha kuanzia: mililita 0.5 ya dawa kwenye 4.5 za maji yasiyo na endotoksini, tikisa kwa mashine ya kutikisia dakika nzima, kisha rudia hatua hiyo mara moja kwa mchanganyiko uliopata. Tumia mirija ya kioo iliyookwa nyuzi 250 kwa dakika 30. pH iwe kati ya 6 na 8. Mimina kidogo pembeni uipime huko, usitumbukize kipimo kwenye mrija wenyewe.

Katriji iliyotoka kwenye friji iache ifikie joto la chumba ndani ya mfuko wake. Ukiufungua mapema, unyevu huingia kwenye kemikali kavu. Ichomeke, ngoja nyuzi 37, ingiza namba za katriji na kiwango cha kuzimua. Ukisahau hiyo 100, jibu litakuwa dogo mara mia.

Sasa tia mikrolita 25 kwenye kila kishimo kati ya vinne. Gusisha ncha ya pipeti ukutani, bonyeza taratibu, na usisukume tone la mwisho: hapo ndipo povu linapozaliwa.

Kila kishimo kina njia yake ndani ya katriji. Njia mbili hupima dawa tupu. Mbili zina endotoksini ya kiasi kinachojulikana. Endotoksini hiyo isiposomeka kwa asilimia 50 hadi 200 ya kiasi chake, jibu halifai, hata likipendeza. Chini ya 50, dawa inazuia mmenyuko: zimua mara 200 urudie. Tofauti kati ya njia pacha ikifika asilimia 25, shuku povu au pipeti, chukua katriji mpya. Kama dawa ilipita kwenye chujio la selulosi na jibu limepanda, shuku glukani, sukari ya selulosi inayoweza kusomeka kama endotoksini. Tumia bafa, yaani kimiminika maalumu, ya kuizuia.

Dawa safi iliyozimuliwa mara 100 husomeka "chini ya 5", kwa kuwa 0.05 mara 100 ni 5. Hiyo iko chini kabisa ya 28.4.