Namna ya Kupima Rutuba Ambayo Mti Huiokoa Kabla ya Kuangusha Jani

Wengi wanaofagia majani ya mkungu katika nyua za Nyali na Bamburi, mjini Mombasa, kisha wakayafukia shimoni, huamini kwamba wanaurudishia udongo mbolea yake. Wanarudisha kidogo kuliko wanavyodhani. Kabla jani halijaanguka, mti huwa umekwisha kuzivunja protini zilizomo, ukaisafirisha naitrojeni na fosforasi hadi matawini, kwenye machipukizi na kwenye matunda. Vipimo vilivyokusanywa kutoka mimea ya sehemu nyingi za dunia vinaonyesha kwamba, kwa wastani, kati ya nusu na theluthi mbili ya virutubisho hivyo viwili huokolewa kwa njia hii. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukipima kiasi hicho katika mti wako, na jinsi ya kukitumia kutambua ni kirutubisho gani hasa kinachoupa mti shida.

Hatua ya kwanza: kuchagua mti na ardhi

Ninapendekeza mkungu, ule wa kokwa zinazogongwa na watoto kwa mawe, kwa sababu majani yake ni mapana na hugeuka kuwa mekundu au ya manjano waziwazi kabla ya kuanguka. Mwembe pia unafaa. Mvinje usianze nao: kinachoonekana kuwa jani lake ni kijitawi chembamba, majani yenyewe yakiwa magamba madogo yaliyozunguka pingili, na tena mizizi yake hushirikiana na bakteria wa jenasi Frankia wanaochukua naitrojeni hewani, kwa hiyo hauna sababu kubwa ya kuibania. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizouwezesha kustahimili machimbo ya saruji ya Bamburi, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971 juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Vijitawi vyake vilivyoanguka, kwa wingi wa tanini, yaani kemikali chungu zinazozuia kuoza, vililala pale bila kuoza hadi majongoo walipoletwa kuvitafuna.

Tafuta mikungu isiyopungua mitatu iliyoota juu ya matumbawe, na mingine mitatu iliyo mahali palipononeshwa, kwa mfano kando ya zizi au panapomwagwa maji ya jikoni. Udongo wa matumbawe una chokaa nyingi, na pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambapo 7 ni katikati na zaidi ya hapo ni ualkali, mara nyingi hufika 8. Kalsiamu ya chokaa hiyo huikamata fosforasi isiyeyuke, hivyo fosforasi huweza kuwapo ardhini na mizizi isiipate.

Hatua ya pili: kuchuma majani

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo usiwe na haraka. Chuma wakati wa kaskazi, kabla mvua za masika hazijaanza, na uepuke siku zinazofuata upepo mkali, kwa kuwa upepo hung'oa hata majani ambayo mti haujamaliza kuyahamisha mali yake.

Majani mabichi yawe yamekomaa, yatoke matawi ya nje yanayopata jua, na yasiwe yale laini ya kileleni. Majani makuukuu usiyaokote chini kamwe. Mvua moja, hata umande mzito, hutosha kuiosha potasiamu kutoka katika jani lililokufa, na hapo utadhani ni mti ulioichukua. Yachume yakiwa bado tawini, kwa kipimo hiki: shika kikonyo karibu na tawi, kisukume kando kwa kidole gumba pasipo nguvu. Kikiachia mara moja na kuacha kovu safi, kavu, lisilotoa utomvu, mti umeshafunga njia na jani hilo liko tayari. Kikichanika na kuondoka na uzi wa ganda la tawi, liache.

Ukilielekeza jani linalozeeka kwenye jua, katika aina nyingi za miti utaona ukijani umesalia kandokando ya mishipa wakati sehemu za katikati zimekwisha kupauka. Shehena hupitia kwenye mishipa hiyo, kwa hiyo ndiyo inayofungwa mwisho.

Hatua ya tatu: kukata vipande vya eneo moja

Jani linapozeeka halipotezi naitrojeni na fosforasi tu, bali hupoteza pia sukari na vitu vingine, na uzito wake hupungua. Ukilinganisha asilimia peke yake utapata jibu dogo kuliko ukweli. Dawa yake ni kupima kwa eneo. Chukua kipande cha bomba la chuma chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 2, kinoe ukingo, kisha ukate vipande 20 kutoka majani mabichi na 20 kutoka majani makuukuu, ukiukwepa mshipa mkuu. Kila kipande kina sentimita za mraba 3.14, na jumla yake ni takriban 62.8.

Vikaushe katika tanuri ya maabara kwa nyuzi 60 hadi 70 za Selsiasi kwa saa 48, kisha uvipime kwa mizani ya miligramu. Majani yaliyobaki uyakaushe vivyo hivyo, yasagwe, uyapeleke kwenye maabara inayochambua mimea. Omba naitrojeni yote, fosforasi, potasiamu na kalsiamu. Sisitiza kwamba ni majani, kwani vipimo vya udongo hufanywa kwa njia nyingine.

Hatua ya nne: hesabu

Tuchukue tarakimu za mfano. Jani bichi lina uzito wa miligramu 10 kwa sentimita ya mraba, naitrojeni asilimia 2.0 na fosforasi asilimia 0.10. Jani kuukuu lina miligramu 8, naitrojeni asilimia 1.0 na fosforasi asilimia 0.04. Naitrojeni imeshuka kutoka miligramu 0.20 hadi 0.08, maana yake mti umeokoa asilimia 60. Kwa kulinganisha asilimia tupu ungepata 50. Fosforasi imeshuka kutoka 0.010 hadi 0.0032, yaani asilimia 68 imeokolewa.

Kisha tazama kalsiamu. Hiyo hairudi, kwa sababu imejengwa katika kuta za seli na katika fuwele, na haipiti kwenye njia inayobeba sukari. Mti ni kama mpangaji anayehama, huchukua vyombo na kuziacha kuta. Kwa hiyo asilimia ya kalsiamu lazima iwe kubwa zaidi katika jani kuukuu. Ikiwa ndogo, sampuli zako zimechanganyika, rudi mtini.

Hatua ya tano: kusoma jibu

Binafsi huamini zaidi kile kilichobaki katika jani kuukuu kuliko asilimia iliyookolewa, kwa kuwa asilimia hubadilika na hali ya jani bichi. Mwaka 1996 mwanaikolojia Keith Killingbeck alipendekeza kwamba jani lililobakiza chini ya asilimia 0.7 ya naitrojeni, au chini ya asilimia 0.05 ya fosforasi, limekamuliwa karibu kabisa. Katika mfano wetu fosforasi imekamuliwa, naitrojeni bado. Uwiano wa naitrojeni kwa fosforasi katika jani bichi, ambao ni 20 kwa 1, unaelekea hukohuko: uwiano unaozidi 16 huchukuliwa kuwa dalili ya upungufu wa fosforasi, ingawa kiwango hicho kilitokana na mimea ya ardhi oevu ya Ulaya na hakifai kuwa hukumu peke yake.

Usichanganye haya na umanjano wa majani machanga yenye mishipa ya kijani, unaoonekana sana juu ya matumbawe. Huo ni upungufu wa chuma, ambacho mti hauwezi kukihamisha kwa wepesi kutoka majani ya zamani.

Hatua ya sita: kuutibu udongo

Kwa jibu kama la mfano wetu, usinunue unga wa mifupa. Fosforasi yake imefungamana na kalsiamu, na katika udongo wa chokaa huyeyuka kwa shida mno. Tandaza majani yaliyofagiwa chini ya mti, usiyachome, na uyachanganye na samadi iliyooza, ambayo inaleta fosforasi na asidi za kuisaidia ipatikane. Kaskazi ijayo chuma tena kutoka matawi yaleyale, upande uleule wa mti, na ulinganishe fosforasi iliyobaki katika jani kuukuu. Ikipanda juu ya asilimia 0.05, mti umeanza kuiachia.