Somo: Kuchuja biti za siri wakati adui ana kumbukumbu ya kwantamu

Una mfuatano wa biti, X, na adui ameshauchungulia. Unataka ubaki na biti chache ambazo kwake ni kama shilingi iliyorushwa. Kinachotisha ni kwamba mwenye kumbukumbu ya kwantamu halazimiki kupima mapema: anatunza kyubiti zake (biti za kwantamu), anasubiri utangaze mbegu (biti nasibu zinazoamua uchujaji ufanyike vipi), ndipo anachagua kipimo kinachomfaa. Mwaka 2007 Gavinsky na wenzake walionyesha kichujio (kanuni ya kugeuza X na mbegu kuwa biti chache za siri) kinachohimili adui wa kumbukumbu ya kawaida, lakini kinavunjwa na kumbukumbu ya kwantamu iliyo ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana. Kwa hiyo usiokote kichujio chochote.

Hatua ya 1. Kadiria k: nafasi kubwa kabisa ya adui kukisia X yote kwa mkupuo ni 2⁻ᵏ. Akiongeza kyubiti q zisizofungamana na kitu kingine, toa q kwenye k. Tumia muda wako mwingi hapa. Ukijipendelea kwenye k, hesabu zote zinazofuata ni bure.

Hatua ya 2. Chagua kosa ε, yaani kiasi unachokubali matokeo yatofautiane na biti nasibu kamili. Urefu wa matokeo ni ℓ = k − 2log₂(1/ε). Kwa k = 600,000 na ε = 2⁻⁶⁴ unapoteza biti 128 tu.

Hatua ya 3. Tengeneza matriki ya Toeplitz (jedwali la biti ambalo kila mstari ni ule wa juu yake uliosogezwa nafasi moja) kwa mbegu ya biti n + ℓ − 1, n ikiwa urefu wa X. Tuseme X = 1101, ℓ = 2, mbegu 10110. Mstari wa kwanza ni biti nne za mwisho, 0110. Wa pili ni nne za mwanzo, 1011. Linganisha na X, hesabu mahali ambapo zote ni 1: witiri andika 1, shufwa andika 0. Mstari wa kwanza unatoa mahali 1, wa pili mahali 2. Matokeo: 10. (Ni mfano wa kuonyesha hesabu tu, kwa urefu huu hakuna usalama.)

Renner, katika tasnifu yake ya 2005 huko ETH Zürich, alithibitisha kwamba hashi za aina hii (kanuni za kufupisha biti zinazochaguliwa kwa mbegu, kama Toeplitz) zinamhimili adui wa kwantamu.

Maswali

*Mkuu, mbegu ikitangazwa si siri imevuja?*
Hapana. Uthibitisho unamhesabu adui kuwa anaijua. Sharti iwe nasibu kamili, isitegemee X, na itangazwe baada ya X kukusanywa.

*Mbegu ndefu hivyo! Hakuna njia fupi?*
Ipo. De, Portmann, Vidick na Renner walithibitisha kwamba kichujio cha Trevisan, kilicho cha aina nyingine, nacho kinahimili, kwa mbegu fupi zaidi sana. Ila hesabu yake ni nzito, mimi ningeanza na Toeplitz.

*SHA-256 haitoshi?*
Hiyo ni hashi ya kawaida ya kompyuta isiyotumia mbegu, na inategemea dhana kwamba adui hana uwezo fulani wa kukokotoa. Hapa hata akiwa na kompyuta isiyo na kikomo, ulinzi haubadiliki.