Kuponi 3 na tone la damu: kupima VVU na homa ya ini C kwa wanaojidunga Dar es Salaam

Orodha ya watu wanaojidunga heroini haipo, kwa hiyo huwezi kuchagua majina kwa bahati nasibu. Ukikaa kliniki ya methadoni ya Muhimbili, iliyofunguliwa 2011, utawapima walioanza tiba, na walioko maskani watabaki nje ya hesabu. Ndiyo maana hutumika kuponi, njia aliyoibuni Douglas Heckathorn 1997: mshiriki ndiye anayeleta wenzake.

Piga hesabu kwanza. Ukikadiria maambukizi ni asilimia 30 na unataka kosa lisizidi asilimia 5, fomula ya kawaida inakupa watu 323. Zidisha kwa 2, kwa kuwa anayeletwa hufanana na aliyemleta: 646.

Washiriki wa mwanzo wawe 6 hadi 8, wenye kujuana na wengi, wasitoke kijiwe kimoja. Angalau wawili wawe wanawake, la sivyo mnyororo utajaa wanaume watupu. Kila mtu apate kuponi 3 za kuwapa wenzake, zenye namba na tarehe ya mwisho. Usichapishe juu yake neno lolote kuhusu dawa za kulevya. Kuponi ikikutwa mfukoni na askari, itamponza mwenyewe. Na kwenye fomu zako andika “mtu anayejidunga”. Neno “teja” waachie wenyewe.

Mlangoni weka mtu anayeijua mitaa. Malipo ya nauli na muda huvuta wasiohusika, na yakiwa makubwa mno kuponi huanza kuuzwa. Muulize mtu bei ya kete wiki hii, anatumia bomba gani la sindano, mara ya mwisho kujidunga ilikuwa lini (kigezo: ndani ya siku 30). Alama mkononi hazitoshi kuwa ushahidi, maana wengine hujidunga kinenani. Mwenye arosto (mateso ya kukosa dawa) hana subira ya kusikiliza maelezo ya ridhaa, na anayesinzia hajui anachokubali; wote wawili wapangie muda mwingine, kuponi zao zisife.

Swali linaloharibu tafiti nyingi ni hili: “Unawafahamu watu wangapi wanaojidunga hapa Dar, ambao nao wanakufahamu, wenye miaka 18 na kuendelea, mlioonana wiki 2 zilizopita?” Jibu lake ndilo linalopanga uzito wa mshiriki kwenye hesabu: aliyesema 40 anahesabiwa robo ya aliyesema 10. Akijibu “wengi tu”, mrudishe kijiwe kwa kijiwe, mjumlishe pamoja. Sifuri haiwezekani, kwani kuna aliyempa kuponi.

Usiulize “mnachangia sindano?” ukaishia hapo. Uliza bomba peke yake, kijiko peke yake, maji, pamba. Asiyeazima sindano huweza kuchota maji kwenye kikombe kimoja na wenzake, na homa ya ini C hupita humo. Andika pia kama sindano ni ya kuchomoa au imeshikana na bomba: ile ya kuchomoa hubakiza damu nyingi zaidi, na maabara iliwahi kuonyesha kirusi hicho kikiishi ndani yake hadi siku 63.

Damu: pasha mikono joto kwa maji vuguvugu, toboa pembeni mwa ncha ya kidole cha pete, futa tone la kwanza. Usikamue kidole, maji ya mwili yatapunguza ukali wa damu. Jaza kila duara la kadi ya kukaushia damu kwa tone moja kubwa lililojiachia. Kudondosha tone juu ya tone huharibu kipimo. Kausha kwa kulaza, kivulini, angalau saa 4. Kwa unyevu wa Dar, acha usiku kucha, kisha funga kwenye mfuko wenye vifuko vya kufyonza unyevu.

VVU jibu hutoka siku hiyohiyo kwa vipimo vya haraka vya mwongozo wa taifa. Homa ya ini C ina mtego: kingamwili hubaki hata kwa aliyepona mwenyewe au kwa dawa, kwa hiyo kipimo cha haraka kikisoma chanya, kadi ipimwe RNA (chembe za urithi za kirusi chenyewe) kabla hujamwita mtu mgonjwa. Majibu hayo huchelewa. Tarehe ya kuyafuata ifanye iwe ileile anayorudi kuchukua malipo ya wenzake aliowaleta. Ukiitenga, wengi hawatarudi.