Laki Zao na Laki Zetu: Namna ya Kufuatilia Magari Mapya ya India Ukiwa Nairobi

Kwenye sakafu ya gereji yangu, hatua chache kutoka Kirinyaga Road, nimepaka mistari miwili ya rangi nyeupe. Kati yake pana mita nne kamili. Leta Brezza, leta Fronx, leta Dzire, zote za Maruti Suzuki, yaani Suzuki ya India: bampa ya mbele ikigusa mstari wa kwanza, ya nyuma inabakisha milimita tano tu kufika wa pili. Huko India, gari la petroli lisilozidi mita nne na injini isiyozidi cc 1,200 hutozwa kodi ndogo. Kwa dizeli kikomo ni cc 1,500. Tangu tarehe 22 Septemba 2025 gari la namna hiyo hulipa asilimia 18, na lililozidi hulipa 40. Ndiyo sababu unaona buti imekatwa ghafla kama mkate. Ukitaka kufuatilia magari mapya ya India, anza na kipimo hiki. Picha yoyote ikitoka, tafuta urefu kwanza, nao utakuonyesha mtengenezaji anamlenga nani.

Mimi nilianza kufuatilia kwa lazima. Mwaka 2018 Uber walipoleta ChapChap, huduma yao ya teksi za bei nafuu, hapa Nairobi, walitumia Suzuki Alto, na gereji yangu ikajaa Alto. Mwaka 2023 India ikakaza masharti ya moshi na uundaji wa Alto 800 ukasimamishwa. Wateja wakaanza kuniuliza, "Fundi, sasa nibadilishe na gari gani?" nami sikuwa na jibu. Tangu hapo sijaacha kuangalia kinachopikwa kule kabla hakijapakuliwa huku.

Weka tarehe kwenye kalenda. Watengenezaji wa India hupenda sikukuu. Mahindra wana mazoea ya tarehe 15 Agosti, siku ya uhuru: Thar mpya ilionyeshwa siku hiyo mwaka 2020, ikafuata Thar Roxx ya milango mitano 2024, na mwaka 2025 wakaweka wazi mifano minne, yaani Vision S, Vision T, Vision X na Vision SXT. Renault walichagua tarehe 26 Januari 2026, siku ya jamhuri, kuonyesha Duster mpya. Halafu kuna msimu wa Dussehra na Diwali, kati ya Septemba na Novemba, ambapo familia nyingi hununua vitu vipya. Ukiona taa za Diwali zimeanza kuwaka Parklands, jua huko Delhi na Mumbai maduka ya magari yamefurika. Saa yao iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo tangazo la saa sita mchana kwao utalipata saa tatu na nusu asubuhi, chai ikiwa bado mezani.

Usichanganye siku, maana uzinduzi mmoja una siku nne: ya kuonyeshwa, ya bei, ya kuagiza na ya kukabidhiwa. Thar Roxx ilitangazwa katikati ya Agosti 2024, bei ikianzia rupia laki 12.99. Maagizo yalifunguliwa tarehe 3 Oktoba, na katika saa moja ya kwanza yakaingia 176,218. Funguo zilianza kutolewa siku ya Dussehra, tarehe 12 Oktoba. Kwa hiyo mtu akikwambia gari "limetoka", muulize limetoka kwa maana gani. La kuonyeshwa lina rangi nzuri na magurudumu makubwa; mimi hungoja la kukabidhiwa, kwa sababu hapo ndipo wenyewe wanaanza kusema ukweli kuhusu gia na kelele za dashibodi.

Kwenye bei, sisi wa Kiswahili tuna bahati. Lakh yao ndiyo laki yetu, elfu mia moja. Lakini wao huweka mikato mahali pengine: rupia 7,00,000 ni laki saba, wala si sufuri imepotea. Bei inayotangazwa ni ya dukani, yenye kodi yao ndani, lakini bado usajili, kodi ya barabara na bima. Tena ni ya toleo la chini kabisa. Kwa baadhi ya magari ya Maruti Suzuki utaliona likiitwa LXi, na juu yake VXi na ZXi.

Sasa fanya hesabu kwa karatasi, kama ninavyofanya mimi nyuma ya boksi la spea. Chukua gari dogo la rupia laki saba. Ondoa kodi yao ya asilimia 18, kwa kuwa gari la kuuzwa nje haliibebi: inabaki kama laki 5.93. Rupia moja imekuwa ikikaribia shilingi moja na nusu, basi hiyo ni kama shilingi laki 8.9. Huku kwetu lizidishe kwa 1.35 ya ushuru wa forodha, kisha 1.20 ya ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 1,500, kisha 1.16 ya VAT. Kwa pamoja ni karibu mara 1.88. Unafika shilingi milioni 1.67, na bado hujalipa meli, ada nyingine wala faida ya wakala. Ukiyajua haya, hutakasirika ukiingia dukani Mombasa Road na kukuta bei imepita mara mbili ya ile uliyoisoma.

Injini nayo ichunguze kwa makini. Inayosifiwa kule huenda isiwe itakayoshuka Mombasa. Baleno ya India ina injini ya lita 1.2 kwa ajili ya kile kikomo cha kodi. Gari hilohilo likivaa nembo ya Toyota Starlet kwa soko la Afrika Kusini lina lita 1.5. Na Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hutoa nguvu ndogo kuliko ile uliyosoma kwenye takwimu za Chennai, mji ulio ufukweni. Pandisha gari la lita moja lenye watu wanne kutoka Westlands kuelekea Kangemi, utaelewa. Mafuta pia: takwimu zao ni za maabara. Swift ya 2024 imeandikiwa kilomita 24.8 kwa lita. Kwa foleni zetu mimi hutoa robo nzima ndipo nimwambie mteja.

Hapa kwenye spea ndipo ninaposhikilia sana. Mteja wangu mmoja alinunua gari la toleo la kwanza kabisa kufika hapa, na kampuni siitaji. Mwezi wa nne matatu ikamvunjia taa ya mbele ya kushoto pale Muthurwa. Taa hiyo haikuwepo Kirinyaga Road, haikuwepo Industrial Area, na muuzaji akasema iko njiani. Wiki saba gari lilikaa kwangu chini ya turubai, huku mkopo wa sacco ukikatwa kila mwisho wa mwezi. Alikuwa akipita jioni, anainua turubai kidogo, anaangalia, anashusha. Iliniuma, kwa sababu aliniuliza kabla ya kununua nami nikamjibu kwa kusifu injini tu.

Tangu siku ile, kabla ya kumwambia mtu "chukua", natembea mwenyewe mtaani kuulizia vitu vitatu: taa ya mbele, kioo cha pembeni, na zile raba za mkono wa chini wa tairi tunazoziita bushi, kwa kuwa matuta ya Nairobi huzila kwanza. Nikipata viwili kati ya vitatu kwenye maduka tofauti, naruhusu. Magari yanayotumia bodi moja, kama Baleno na Starlet, hufaulu mtihani huu upesi.

Nyota za usalama zisome kwa uangalifu. Bharat NCAP, mpango wao wa kujaribu magari kwa kuyagongesha ulioanza 2023, hupima gari la soko la India, na la kwetu huenda lisiwe na vifaa vilevile. Ukifika dukani, hesabu mifuko ya hewa kwa macho yako.

Kwa sasa macho yangu yako kwa mawili. La kwanza ni e Vitara, gari la umeme linaloundwa Hansalpur, Gujarat, tangu Agosti 2025, lenye betri ya kWh 49 au 61. Tangu mwanzo lilitangazwa kuwa la kuuzwa nchi zaidi ya mia moja, na tangazo la namna hiyo nalithamini kuliko picha yoyote ya gari iliyopigwa kwa siri. La pili ni hizo Vision za Mahindra, ambazo wamesema matoleo ya kuuzwa yataanza 2027. Mama mmoja wa teksi, mwenye Alto iliyochoka, huniuliza habari za magari hayo mawili kila akija kubadilisha oili. Nimemwambia aendelee kuweka akiba, na bushi zake nimembadilishia zote nne.