Masters ya urithi wa dunia Ujerumani: jinsi ya kuomba Cottbus bila kurudishiwa karatasi

Haya wakuu, hii ni ya wale mliosoma akiolojia, historia, utalii, jiografia, usanifu majengo, na wale mnaotembeza wageni Mji Mkongwe au Bagamoyo mkiwa na digrii zenu ndani ya begi mnawaza sasa baada ya hapa nini.

Kuna kozi inaitwa World Heritage Studies, iko chuo cha BTU Cottbus-Senftenberg, mji wa Cottbus jimbo la Brandenburg, kutoka Berlin ni treni ya kama saa moja na nusu hivi. Ilianza 1999, inafundishwa kwa Kiingereza, semesta nne yaani miaka miwili, na ada ya masomo hakuna, unalipa mchango wa semesta tu na ndani ya huo mchango mna tiketi ya usafiri humo humo. Watu wakisikia hakuna ada wanadhani ni bure, si bure jamani, tutafika kwenye hela huko chini.

Mimi nimetembeza wageni Bagamoyo miaka kadhaa kabla ya kuomba, na aplikesheni yangu ya kwanza iligonga mwamba, na wala haikuwa GPA, ilikuwa karatasi. Ndo maana naanza na karatasi, barua ya motisha, ile ya kueleza kwa nini unataka kozi hii, tutaiongelea baadaye.

Anza na zile zinazochelewa. Pasipoti kama huna, anza leo. Transkripti na cheti cha digrii, vyuo vyetu mnavijua, mara mtu wa kusaini yuko safari, mara mashine imeharibika, mimi yangu niliifuatilia wiki sita nzima na nauli za kwenda na kurudi. Halafu watu wengi wanasahau, Wajerumani wanataka na vyeti vya sekondari, Form Four na Form Six, hawaangalii digrii peke yake kwa sababu wanataka kuona kama kwa mfumo wao ulistahili kuingia chuo kikuu tangu mwanzo. Kilichopotea au kuungua usisubiri, nenda NECTA, baraza la mitihani, mapema. Afadhali yetu sisi vyeti vyote viko kwa Kiingereza, hela ya mkalimani hapo umeokoa.

Majina sasa, hapa ndo wengi tunaangukia. Form Four unaitwa majina mawili, chuo ukaandika matatu, pasipoti ikaja na la babu, na kuna mwalimu mmoja alikukosea herufi moja tangu darasa la saba ukaacha tu. Kwa sisi ni kitu cha kawaida ila kwa mtu anayekagua vyeti ofisini Berlin hao ni watu wawili. Nenda kwa wakili uandike hati ya kiapo kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja, uiambatanishe. Na nakala zikihitaji kuthibitishwa, muhuri uwe wa wakili mwenye mamlaka ya notari na usomeke hivyo, usipeleke muhuri wa mwenyekiti wa mtaa.

Kuskani: kwa rangi, kutoka kwenye orijino, mbele na nyuma, PDF moja kwa kila cheti. Mimi nilimpa kijana wa steshenari akapiga picha na simu, cheti kimekaa upande na kidole chake kinaonekana pembeni, nikapakia hivyo hivyo kwa haraka. Mnaweza kucheka.

Lugha, fanya IELTS au TOEFL, na tarehe ya mtihani uipange mapema kwa sababu majibu nayo yana siku zake. Ile barua ya chuo inayosema ulisoma kwa Kiingereza usiitegemee mpaka umeona kwa macho yako ukurasa wa kozi unaikubali.

Sasa GPA, maana hili swali naulizwa kila siku, "mkuu nina 3.6 nitapata?" Ujerumani wao 1.0 ndo bora kabisa na 4.0 ndo mwisho wa kupita, yaani kinyume na sisi. Wanatumia fomula moja hivi: juu kabisa toa uliyopata, gawanya kwa juu kabisa toa ya kupita, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Kwa vyuo vyetu vya Tanzania juu ni 5.0 na kupita ni 2.0, sasa 5 toa 2 ni 3, ile tatu ya chini na ile tatu ya kuzidisha zinafutana, kwa hiyo njia ya mkato ni 6 toa GPA yako basi. Mwenye 3.6 ana 2.4 ya Kijerumani, mwenye 4.4 ana 1.6. Wenzetu wa Kenya na Uganda wekeni viwango vya vyuo vyenu kwenye hiyo fomula, njia ya mkato ni ya 5.0 na 2.0 tu.

Kuomba kwenyewe: kwa kuwa vyeti vyetu si vya Kijerumani, maombi yanapitia uni-assist, hawa ni kama geti, wanakagua vyeti ndo wanavipeleka chuoni. Unafungua akaunti kwenye saiti yao, unatafuta chuo na kozi, unajaza, unapakia, unalipa yuro 75 kwa ombi la kwanza na 30 kwa kila ombi lingine la muhula huo huo. Ukaguzi unakula wiki nne mpaka sita, kwa hiyo ukituma siku ya dedilaini halafu wakakuta karatasi moja imekosekana, huna tena muda wa kuiongeza. Kozi inaanza Oktoba, tarehe ya mwisho itazame ukurasa wa kozi mwaka unaoomba, usichukue ya jamaa aliyeomba mwaka juzi. Na hakikisha malipo yamefika, kadi zetu za benki huwa zinagoma malipo ya nje mpaka uwapigie wakufungulie. Kuanzia hapo chungulia imeili kila siku, na ile folda ya takataka pia.

Barua ya motisha. Hapa ndo panaamua mambo na hapa ndo tunaharibu sana. Nimesomea watu barua kama kumi na tano hivi, kumi zinaanza na "tangu nikiwa mtoto nimependa utamaduni", sawa, nani hapendi? Shika sehemu moja unayoijua kwa miguu yako, uandike tatizo lake moja. Mfano mtu wa Kilwa, magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yameingia orodha ya UNESCO 1981, yakawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, yakatolewa 2014. Wewe uliyekulia pale unaona bahari inakula ukingo na unajua kazi gani ilifanyika, na unajua pia mwenye ngalawa anapata nini mgeni akishuka na nani hapati kitu. Hiyo tayari ni barua. Wa Kondoa ana michoro ya miambani, iko kwenye orodha tangu 2006, na wenyeji bado wanaenda kufanya matambiko pale pale, sasa utahifadhije mwamba ambao watu bado wanautumia? Wa Unguja ana lile jumba la kale la Beit al Ajaib ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, wa Lamu ana mji wake ulioingia orodha 2001, wa Karatu ana Ngorongoro ambayo iliingia 1979 kwa ajili ya maumbile na 2010 ndo wakaongeza upande wa utamaduni, mambo ya nyayo za kale za Laetoli hayo.

Na kama unataka kujibu swali la kwa nini Ujerumani, tafadhali usiandike kwamba ni nchi iliyoendelea yenye elimu bora. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria kutoka Lindi, amesimama Berlin kwenye jumba la makumbusho, walimchimba 1909 mpaka 1913, na Rais wao Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha kwa ya Maji Maji. Ukiweza kuunganisha hayo na kazi unayotaka kufanya nyumbani, msomaji wa pale hawezi kupita tu. Ila iwe kweli unajua unachosema, usibandike Tendaguru kama kachumbari. Kurasa moja na nusu, mbili zikizidi.

CV iwe fupi, kazi ya kutembeza wageni iandike vizuri, ulitembeza wapi, lugha gani, mlikuwa mnatunza nini. Hata kujitolea kufagia gofu na wanafunzi ni kitu.

Ukipata barua ya kukubaliwa usichome mbuzi kwanza. Visa ya masomo ni yuro 75, unaomba ubalozi wa Ujerumani Dar, pale Umoja House, na nafasi za miadi zinajaa kwa hiyo wahi. Watataka uonyeshe utaishije: ama skolashipu, ama mtu aliyeko Ujerumani akusainie rasmi kwamba atakubeba, ama akaunti ambayo wenyewe wanaita Sperrkonto, unaweka hela ya mwaka mzima na wanakufungulia kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 ni yuro 11,904, yaani 992 kwa mwezi, kwa madafu ni zaidi ya milioni 30. Ndo pale niliposema si bure. Skolashipu anzeni kutafuta hata kabla ya kuomba chuo, DAAD, shirika la Ujerumani la skolashipu, wana ofisi Nairobi inayoshughulikia ukanda wetu, KAAD, la Kanisa Katoliki huko huko, ni zaidi kwa Wakatoliki, na kila moja ina tarehe zake ambazo hazifuati za chuo. Kufanya kazi ukiwa mwanafunzi inaruhusiwa siku nzima 140 kwa mwaka au nusu siku 280, lakini usimdanganye afisa wa visa wala usijidanganye mwenyewe kwamba kibarua kitalipa kila kitu. Bima ya afya ni lazima, na ukiwa umevuka miaka 30 ile bei ya wanafunzi hupati, pigeni hesabu mapema.

Orijino zote siku ya safari zikae kwenye begi la mkononi, usiziweke kwenye sanduku la chini. Nina jamaa sanduku lake lilifika siku tisa baada yake, na chuo kilikuwa kinataka kuona cheti siku ya tatu.