Kutafuta chanzo cha usumbufu wa gia katika lori la dizeli la otomatiki

Malalamiko kwamba "gia zinasumbua" hufika gereji yakiwa yamebeba matatizo yasiyofanana kabisa: lori linalochelewa kupanda gia, lori linalopanda na kushuka gia bila kutulia mlimani, lori ambalo injini yake inaunguruma bila mwendo kuongezeka, na lori lililong'ang'ania gia moja huku taa ya onyo ikiwaka kwenye deshibodi. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako barabara kuu ya kwenda Tunduma hupanda Kitonga, ikapita tambarare ya Usangu na kupanda tena Inyala kabla ya kufika Uyole, kasoro ndogo ambayo isingeonekana ukanda wa pwani hujitokeza mapema, na mara nyingi giaboksi hushushwa kabla mtu yeyote hajapima betri. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume na tabia hiyo: vitu vya nje na vya gharama ndogo hupimwa kwanza, na giaboksi hufunguliwa pale tu vipimo vinapolazimisha.

Ijue giaboksi kabla ya kuigusa

Lori kutokuwa na pedali ya klachi hakuelezi kilichomo ndani ya giaboksi. Pikapu na malori madogo mengi ya otomatiki kutoka Japani yana toki konveta, yaani chombo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi badala ya klachi ya kawaida, na gia zake hushikwa na klachi ndogo ndogo zinazobanwa kwa shinikizo la oili, kwa hiyo oili yenyewe ndiyo inayofanya kazi ya kubadili gia. Malori makubwa yenye I-Shift ya Volvo, iliyoingia sokoni mwaka 2001, au AS Tronic ya ZF, ambayo hupatikana katika malori ya DAF, yana giaboksi ya meno na klachi kavu kama lori lolote la gia za mkono, isipokuwa kwamba kazi ya mkono na mguu wa dereva imechukuliwa na upepo na kompyuta. Katikati yake wako akina Isuzu Elf yenye Smoother na Mitsubishi Canter yenye Duonic, ambayo hutumia klachi mbili zinazozunguka ndani ya oili.

Tofauti hiyo huamua kila hatua inayofuata. Fundi anayehangaikia oili ya ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) kwenye AS Tronic anapoteza siku yake, na anayetafuta uvujaji wa upepo kwenye giaboksi ya konveta anapoteza yake pia. Kinachopaswa kuaminiwa ni kibati cha namba kilicho ubavuni mwa giaboksi, si maneno ya aliyeuza lori, kwa kuwa baadhi ya malori yaliyotumika hutufikia yakiwa yameshabadilishwa giaboksi.

Maswali kwa dereva

Dereva aulizwe kama tatizo hutokea lori likiwa baridi au moto, likiwa tupu au na mzigo, kati ya gia zipi, na kama taa yoyote iliwaka. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: ni kazi gani ilifanyika kwenye lori hilo siku chache kabla ya tatizo kuanza? Kuchomelea chesisi bila kutoa waya za betri, kuwashia lori kwa betri za lori jingine, na kuosha injini kwa maji ya presha ni mambo yanayoweza kuathiri kompyuta au soketi za giaboksi. Ni vizuri kumuuliza na utingo, ambaye hukumbuka mambo ambayo dereva hapendi kuyataja mbele ya tajiri.

Umeme hupimwa kabla ya oili

Kompyuta ya giaboksi hufanya maamuzi kwa kutegemea volti zinazotoka kwenye sensa, na volti hizo zikiyumba, maamuzi nayo huyumba. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6, na injini ikiwaka chaji huwa kati ya 13.8 na 14.4, kwa lori la volti 24 viwango hivyo ni takriban 25.2, na kati ya 27.6 na 28.8. Baada ya hapo, ncha moja ya mita ya umeme iwekwe kwenye ncha hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha giaboksi, injini ikiwa inawaka na taa zote zimewashwa. Mita ikisoma zaidi ya volti 0.2, waya wa ethi umeoza, umelegea au haupo, na hapo hakuna sababu ya kuendelea mbele kabla haujarekebishwa.

Kipimo kinachosahaulika ni cha alteneta. Mita igeuzwe isome umeme wa mkondo geu, kisha ipimwe betri injini ikiwa inazunguka. Kikizidi nusu volti, diodi za alteneta zimeanza kufa, na mawimbi hayo ya umeme huichanganya kompyuta kiasi kwamba konveta hufunga (yaani huungana na injini moja kwa moja bila kuteleza) na kufungua mfululizo kwenye mwendo wa kawaida, huku dereva akihisi kama lori linakatakata gia. Nimeona giaboksi nzima zikibadilishwa kwa dalili hiyo, ilhali alteneta yenye kasoro imebaki palepale.

Sasa zisomwe kodi za hitilafu kwa mashine. Toyota za zamani hazihitaji mashine: swichi ya O/D (gia ya juu kabisa) ikiwa imewashwa, vituo vya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi huunganishwa kwa kipande cha waya, ufunguo ukafunguliwa bila kuwasha injini, na taa ya O/D OFF huhesabu kodi kwa kumeta. Katika jamii ya giaboksi ya A340, kodi 42 na 61 huelekeza kwenye sensa za mwendo, 62 na 63 kwenye solenoidi (vali za umeme) za kubadili gia, na 64 kwenye solenoidi ya kufunga konveta. Solenoidi hizo zikipimwa kupitia soketi zinapaswa kusoma kati ya omu 11 na 15. Iliyokufa hubadilishwa kwa kufungua sampo (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi) peke yake, wala giaboksi haishushwi. Kodi zote ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kufutwa, na ikumbukwe kwamba kodi inayosema uwiano wa gia si sahihi inataja matokeo, haitaji chanzo.

Injini, mwinuko na thamostati iliyotolewa

Mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na Dar es Salaam. Tabo nzima hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, lakini mpira wa tabo uliopasuka, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za msitu wa Sao Hill, au chujio la dizeli lililoziba, huifanya injini ikose nguvu, na giaboksi, ambayo haina kosa, hulazimika kurudi gia ya chini, ikapanda, ikarudi tena. Njia rahisi ya kutenganisha mambo haya mawili ni kuangalia mshale wa mizunguko ya injini mlimani: mizunguko ikipanda bila mwendo kuongezeka, kuna kitu kinachoteleza ndani ya giaboksi, mizunguko ikishuka pamoja na mwendo huku moshi mweusi ukitoka, tatizo liko kwenye injini.

Jambo jingine linahusu baridi. Giaboksi nyingi zinazoongozwa na kompyuta huzuia gia ya juu kabisa na kufungwa kwa konveta mpaka maji ya injini yafikie joto lililopangwa. Kwa hiyo lori linalochelewa kupanda gia ya mwisho alfajiri ya Juni huko Makambako au Njombe, kisha likatulia baada ya mwendo fulani, halina ugonjwa wowote. Ugonjwa huanza pale thamostati, vali inayozuia maji ya injini yasipoe kupita kiasi, ilipotolewa na fundi aliyedhani anazuia injini isichemke. Joto la pwani laweza kuficha kosa hilo, lakini huku juu, lori likiwa tupu asubuhi ya baridi, maji hayafikii kamwe joto linalohitajika, na dereva hulalamika kwamba gia ya mwisho haiingii na dizeli inakwisha haraka. Kipimajoto kishikwe kwenye nyumba ya thamostati baada ya safari ya nusu saa: chini ya nyuzi 70, thamostati haipo au imekwama wazi, na thamostati mpya itamaliza tatizo kwa gharama isiyofanana hata kidogo na ya kufungua giaboksi.

Kwenye giaboksi za Toyota zenye kebo inayotoka kwenye mkono wa mafuta, kebo hiyo nayo ikaguliwe. Ikilegea, shinikizo la oili hupungua na gia huingia laini mno hadi kuteleza; ikikazwa kupita kiasi, gia hugonga.

Oili

Oili ya giaboksi ya konveta hupimwa ikiwa ya moto, kwa Toyota kati ya nyuzi 70 na 80, lori likiwa mahali tambarare, injini ikizunguka polepole, na baada ya mkono wa gia kupitishwa katika nafasi zote na kurudishwa P. Rangi nyekundu inayoangaza ni njema. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua inaonyesha kwamba klachi zimeanza kuteketea, na rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji ya rejeta yameingia kupitia kipozaoili, jambo ambalo halivumilii hata safari moja zaidi. Sampo ikifunguliwa, tope laini la kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma au shaba si vya kawaida. Aina ya oili iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kwa maana rangi nyekundu pekee haimaanishi kwamba oili mbili zinalingana.

Majaribio ya gereji na ya barabarani

Mkono ukihamishwa kutoka N kwenda D, gia inapaswa kushika ndani ya sekunde 1.2, na kwenda R ndani ya sekunde 1.5, kwa viwango vya Toyota. Kuchelewa kwa pande zote mbili huelekeza kwenye shinikizo dogo, pampu iliyochoka au chujio lililoziba, na kuchelewa kwa upande mmoja huelekeza kwenye klachi ya upande huo.

Jaribio la kukaba ni zito zaidi. Magurudumu yote yawekewe vigingi, breki ya mkono na ya mguu zishikwe, watu waondoke mbele na nyuma ya lori, kisha mafuta yakanyagwe hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde tano na kusoma mizunguko ya juu kabisa. Mizunguko ikizidi ile ya kitabu, klachi zinateleza. Ikipungua, injini ni dhaifu au konveta ina kasoro. Hapa Mbeya upungufu mdogo utarajiwe kwa sababu ya hewa. Jaribio lisirudiwe kabla oili haijapoa, na lisifanywe kabisa kwenye oili iliyokwisha kuungua.

Kwa jaribio la barabarani, kipande cha Chimala hadi Igurusi kinafaa kwa kuwa ni tambarare na kinaruhusu gia zote kupanda kwa utulivu, kisha mwinuko wa Inyala hupima kama gia inashika chini ya mzigo. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi usitumike kwa majaribio ya aina yoyote, kwa kuwa giaboksi inayoteleza haiwezi kutegemewa kushikilia lori kwa injini, na breki peke yake hazitoshi hapo.

Malori yanayotumia upepo

Katika AS Tronic na jamaa zake, kinachoanza kutiliwa shaka ni upepo. Malori mengi huhitaji zaidi ya bar 6 ili gia ziingie vizuri, hivyo lori linalokataa gia asubuhi na kukubali baada ya kuunguruma muda mrefu linavuja usiku. Maji ya sabuni yapakwe kwenye mabomba na maungio yanayoelekea giaboksi. Matanki yafunguliwe chini. Yakitoa maji, kichujio cha kukausha upepo kimechoka, na maji hayo yameshaanza kutia kutu kwenye vali. Baadaye ndipo ikaguliwe klachi, ambayo ikikaribia kwisha hulifanya lori litetemeke kwenye kuondoka na kusita kati ya gia. Klachi mpya ikifungwa bila kompyuta kufundishwa upya sehemu inapoanza kushika, lori litasumbua vilevile kama zamani, na wapo wanaoirudisha dukani klachi nzuri kwa sababu hiyo. Gia zikisaga meno wakati wa kupanda tu, breki ndogo ya shafti ya ndani ndiyo ya kushukiwa.

Ikibidi kufungua

Vipimo vikithibitisha kwamba klachi za ndani ya giaboksi ya konveta zimeungua, kazi haiishii kwenye klachi hizo. Kipozaoili na mabomba yake huwa vimejaa masalia, na visiposafishwa au kubadilishwa, masalia hayo hurudi moja kwa moja kwenye vali mpya. Konveta ya zamani isirudishwe. Anayenunua giaboksi iliyotumika alinganishe namba ya kibati na kuomba kufungua sampo mbele ya muuzaji. Baada ya kufunga, kumbukumbu za kompyuta zifutwe ili ijifunze giaboksi mpya, lori liendeshwe kwa utulivu likiwa tupu, na oili ipimwe tena ikiwa ya moto, kwa kuwa konveta na kipozaoili vinapomaliza kujaa, kiwango kilichoonekana sawa mwanzoni huwa kimeshuka.