Kung'oa intake ya 911 SC bila kudondosha nati
Kama unang'oa intake (manifodi inayopeleka hewa kwenye silinda) ya Porsche 911 SC, zile za 1978 mpaka 1983 zenye K-Jetronic (mfumo wa Bosch wa kupulizia petroli), usikimbilie nati kwanza, maana hata gari ikizimwa petroli inabaki na presha kwenye paipu, so toa waya wa betri, acha injini ipoe kabisa, zungushia kitambaa kwenye kiungio cha paipu ya petroli ndo ulegeze taratibu. Zile washa (ringi bapa) za kopa za hapo kwenye viungio tupa, weka mpya. Paipu zibandike namba za silinda kabla hujachomoa. Nati za chini za manifodi ndo zinasumbua kinoma, hapo ni soketi ya kujipinda na eksitensheni ndefu, tena weka sumaku karibu, na ukishainua tu ziba matundu ya silinda hedi na matambara safi, nati ikidumbukia humo umekwisha.